Mashine Moja, Pedali Mbili

Siku ya Jumatatu, saa tatu asubuhi, Binti Fundi alipanda ngazi za chumba cha mazoezi ya muziki akiwa na bisibisi, gunia tupu na hasira ya siku mbili. Gunia lilikuwa la kubebea mashine. Bisibisi ilikuwa ya kuifungulia kutoka kwenye rafu. Hasira haikuwa na kazi maalumu, ilimjaa tu mpaka kooni, na kila ngazi aliyoikanyaga ilipata habari zake.

Muuza rangi mwenye duka la chini alimwona akipita. Mzee huyo alikuwa na kawaida ya kuzima redio yake kila wanapoanza mazoezi, asije akawachanganya, na siku zote alimtania binti kwamba gitaa ni zito kuliko yeye. Leo alifungua mdomo, akautazama uso wake, akaufunga.

Taratibu, mpiga gitaa mwenzake, alikuwa ndani. Alipewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kuharakisha neno wala noti, na hata sasa, amepiga magoti sakafuni kati ya kuta zilizopigiliwa magodoro ya zamani, alikuwa akizungusha waya mmoja kana kwamba siku nzima ni yake. Nyaya alizifunga kwa vitambaa: za kwake buluu, za binti nyekundu. Vitambaa hivyo vilikuwa mabaki ya kitambaa kutoka kwa baba yake binti, ambaye ni fundi cherehani. Nyaya nyekundu zilikuwa zimekwisha kufungwa zote. Alikuwa ameanza na za mwenzake.

Binti Fundi aliliona hilo, akajikaza asilione.

"Simama kando," alisema. "Naichukua."

"Nini?"

"Usijifanye. Mashine. Naipeleka kwa Mwalimu, aweke nyumbani kwake, asiitumie mtu."

Mashine yenyewe ilikuwa boksi jeusi la chuma, la kutengeneza sauti za gitaa: mwangwi, mtetemo, mkwaruzo, chochote moyo unachotaka. Mwalimu wao wa gitaa aliwaachia mashine hiyo wote wawili, wakati vidole vyake vilipoanza kukakamaa. Walimwomba amtaje mmoja, akakataa. Ilikuwa na matundu mawili, basi gitaa la Taratibu liliingia kushoto na la binti kulia, na kila upande ulipata sauti yake. Sakafuni kila mmoja alikuwa na pedali yake, ubao wa chuma wenye vitufe sita vya kukanyaga, uliounganishwa na mashine kwa waya wa midi, ule wa kupitishia amri. Pedali ya Taratibu ilizungumza na mashine kwa chaneli ya kwanza, ya binti kwa chaneli ya pili. Hivyo mmoja aliweza kuwasha mwangwi wake bila kumgusa mwenzake hata kidogo.

Hatari ilikuwa moja. Mashine hubeba programu moja, yaani mpangilio mmoja wa sauti, kwa wakati mmoja, na programu ikibadilika, inabadilika kwa wote wawili, wapende wasipende. Na amri ya kubadili programu mashine huisikia kwa chaneli ya kwanza peke yake. Ndiyo maana siku ya kwanza kabisa walishikana mikono kama watoto, wakaahidiana: wimbo ukishaanza, Taratibu hagusi programu.

Jumamosi alasiri, kwenye onyesho lao ukumbini, katikati ya wimbo wa kwanza, programu ilibadilika.

Tena haikubadilika siku ya hivihivi. Mwezi uliopita Taratibu alikwenda kwa fundi kuposa. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, pini zikiwa mdomoni, kisha akazitoa moja moja na kusema kwamba kijana hana ubaya naye. Ubaya wake ulikuwa na ile mashine. Cherehani moja haina mafundi wawili, alisema. Wao wana mashine moja na miguu minne. Siku wakigombana, nani ataondoka nayo? Waliangaliana. Fundi akasema basi, atakuja ukumbini asikilize kwa masikio yake, na neno lake atalitoa baadaye.

Akaja. Alikaa safu ya tatu, amevaa koti alilojishonea mwenyewe. Binti yake akasogea mbele kwenda kupiga sehemu aliyoifanyia mazoezi miezi minane, akakanyaga kitufe cha nne ili mwangwi ufunguke, akavuta uzi wa kwanza. Kimya. Nyuzi zililia kama mpira mkavu, sauti ya kusikiwa na yeye peke yake. Kwenye kioo cha mashine ilisomeka programu ya nne, ya zamani, ya kabla yeye hajaanza kupiga na Taratibu. Ndani ya programu hiyo palikuwa na sauti ya gitaa la Taratibu tu.

Na kabla hajajua la kufanya, alilisikia gitaa la Taratibu likipiga sehemu yake. Noti zake, kwa mkono wa mwingine. Akainua macho, akamwona baba yake anasimama na kuondoka kwenye kiti. Alichokumbuka baada ya hapo ni kwamba aliliegemeza gitaa kwenye spika, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Mara nane nimekupigia simu," alisema Taratibu sasa. Alikuwa bado amepiga magoti.

"Nimeziona."

"Ukaamua nini?"

"Niliamua nisikwambie matusi kwa simu. Baba alinilea vizuri."

Taratibu aliuweka waya chini, akasimama. Alikuwa mrefu, na chumba kilikuwa kidogo, lakini siku zote aliposimama karibu na binti huyu alikuwa akirudi nyuma nusu hatua ili asimfunike. Leo hakurudi.

"Mimi sikugusa programu," alisema.

"Chaneli ya kwanza ni ya nani?"

"Yangu."

"Kwa chaneli ya pili mashine inasikia programu?"

"Haisikii."

"Basi aligusa nani, jini?"

Alisema mengi zaidi, na hayahitaji kurudiwa yote. Alimwambia kwamba tangu zamani watu walikuwa wakimnong'oneza kuwa mwanamume hawezi kukaa kando ya mwanamke anayempita kwa gitaa, na yeye kwa ujinga wake alikuwa akimtetea. Alimwambia kwamba alingoja siku ambayo fundi amekaa safu ya tatu, ndipo akamzima kama taa ya chooni. Alimwambia kwamba hana pa kuuweka uso wake. Kwamba jana kutwa nzima baba yake alishona bila kusema neno, naye alijifungia chumbani akisikiliza cherehani ikienda na kusimama, ikienda na kusimama.

"Na kunizima ningesamehe," alimalizia. "Mguu huteleza. Lakini ukaipiga sehemu yangu. Ile siyo bahati mbaya. Kwa ile ulitumia vidole."

"Nilikuwa nakusubiri."

"Kwa kupiga noti zangu?"

"Wimbo ungekufa. Nilikushikia nafasi mpaka urudi." Akavuta pumzi. "Hukurudi. Umeniacha mbele ya watu mia mbili nikizungukazunguka mstari mmoja kama punda wa kinu. Na leo unakuja na gunia."

Binti Fundi alimpa mgongo, akaiendea rafu, akaingiza bisibisi kwenye skrubu ya kwanza. Bisibisi ikateleza. Akaiingiza tena.

"Kabla hujaifungua, ijaribu," alisema Taratibu.

"Sina haja."

"Ijaribu. Ikionekana ni mguu wangu, nitakubebea mimi hiyo mashine mpaka kwa Mwalimu, na posa yangu kwa baba yako niifute kwa mdomo wangu."

Neno hilo lilimfanya ageuke. Maana hasira, hata iwe kubwa namna gani, huwa haijafikiria mambo hadi mwisho. Alikuwa amekuja kuchukua mashine. Kwamba akiondoka nayo ataondoka na posa pia, alilijua, lakini alikuwa amelikunja na kuliweka chini kabisa ya gunia.

"Washa," alisema.

Taratibu aliwasha. Akachomeka magitaa mawili aliyoyarudisha kutoka ukumbini, la binti kwanza, kisha akaivuta pedali yake katikati ya chumba pale penye mwanga. Vitufe viwili vya pembeni, vile vya kubadilisha programu, vilikuwa vimefunikwa kwa kipande cha boksi kilichobandikwa gundi ya karatasi.

"Hicho umekibandika leo," alisema binti.

"Nilikibandika siku tuliyoahidiana."

"Mtu anaweza kubandika kitu akasema ni cha zamani."

"Na vumbi je? Nalo nimelibandika?"

Lilikuwa vumbi kweli, limekaa limeshikana, la miaka miwili. Binti aliliangalia, akasema akanyage vilivyobaki. Taratibu akakanyaga kimoja kimoja, taratibu kama jina lake, na baada ya kila kimoja binti alivuta uzi wa gitaa lake. Sauti ilitoka. Ikatoka tena. Ilitoka mara zote nne, safi, bila kujali ugomvi wa watu.

"Sasa wewe," alisema Taratibu.

"Mimi nikanyage nini? Yangu ni chaneli ya pili."

"Kanyaga ulichokanyaga Jumamosi."

Alikanyaga kitufe cha nne kwa dharau, kama mtu anayeponda mende, akavuta uzi.

Kimya.

Akavuta tena, kwa nguvu. Uzi ulilia mkavu, kama ukumbini. Kwenye kioo cha mashine ilisomeka programu ya nne. Taratibu alinyoosha kidole kimoja kwenye gitaa lake, akagusa uzi mmoja, na sauti yake ikajaa chumba kizima. Akaufunika uzi haraka kwa kiganja, kama mtu aliyecheka msibani.

Binti Fundi alisimama vilevile. Mguu wake. Ulikuwa mguu wake mwenyewe. Siku mbili za hasira zilikuwa zikitafuta pa kutua, na zote ziligeuka zikamtazama yeye.

Lakini akili yake haikuwa ya kulala. Aliutazama mguu, na ndipo alipogundua jambo. Kitufe cha nne kilikuwa kimeshuka laini. Kwa miezi kitufe hicho kilikuwa kikikwama. Ilibidi akipige kwa kisigino, na kila akikipiga, kifundo cha mguu, kilichoteguka mwaka jana, kilimchoma hadi gotini. Leo hakikumchoma. Jumamosi, kwa kiherehere cha ukumbi, hakuwa amelitambua hilo. Akainama. Skrubu tatu za pedali zilikuwa na kutu. Ya nne iling'aa.

"Nani amefungua hii?"

Taratibu aliziangalia nyaya sakafuni.

"Nakuuliza. Nani amefungua pedali yangu?"

"Mimi," alisema. "Alhamisi. Ulipokwenda kuchukua nguo za onyesho."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unachechemea."

Akaeleza, na safari hii maneno yake yalikuwa mazito kuliko kawaida. Kila baada ya mazoezi alikuwa akimwona anashuka ngazi kwa kushikilia ukuta, na kila akimuuliza anajibiwa kwamba si kitu. Basi akaifungua pedali, akasafisha kitufe, akakitia mafuta. Ndani akakuta betri ndogo imeota ukungu mweupe. Akaitoa, akaisugua, akairudisha. Skrubu moja ilikatika, akatia yake. Alifikiri amemaliza.

"Ile betri," alisema Binti Fundi polepole, "ndiyo kumbukumbu yake."

"Yangu haina betri. Sikujua."

"Ukiitoa, inasahau kila kitu. Inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Chaneli ya kwanza, na kila kitufe kinaita programu." Akamwangalia. "Ukumbini, ulipopima sauti ya gitaa langu, hukukanyaga pedali?"

"Ulikuwa mlangoni unamngoja baba. Nilipima gitaa tu. Pedali yako huwa siikanyagi."

Huwa haikanyagi. Aliifungua, akaisafisha, akaitia mafuta, lakini kuikanyaga aliona ni kukosa adabu. Mtu mwingine angecheka hapo. Binti Fundi alihisi hasira ikipanda upya, nyingine, isiyofanana na ya kwanza, kama maji ya kisima baada ya kuchota ya juu yenye majani.

"Ungekuwa umefanya kwa ubaya, ningejua pa kuiweka hasira yangu," alisema. "Sasa niiweke wapi? Eh? Mguu ni wangu, pedali ni yangu, na kuchechemea ni kwangu. Ungesema neno moja tu, 'nimeifungua', ningeipanga upya kwa dakika kumi. Lakini wewe mambo yako yote ni kimyakimya. Unanitengenezea kimya. Unanipimia gitaa kimya. Wema wako hauna mlango wa kubisha. Mtu anaamka anakuta umekwisha kuingia na umepanga vyombo."

"Ningekwambia ungekataa."

"Ningekataa. Ndiyo maana ya kuniambia."

Kitu kikamkaza Taratibu uso, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, maneno yake yalitoka haraka.

"Haya, nimekosa. Ningekwambia. Hilo nimelibeba. Na wewe? Miaka miwili nimesimama kushoto kwako. Hujawahi kuniona nikimwonea hata mpiga ngoma, na yule anastahili. Kengele moja tu ikagonga vibaya, ukanihukumu siku mbili nzima bila kuniuliza swali moja. Ulidhani kweli mimi ni mtu wa namna hiyo?"

Binti angeweza kusema hapana. Neno la hapana lilikuwepo, jepesi, karibu na ulimi. Lakini alikuwa amelelewa na fundi ambaye mshono ukienda upande huufumua mbele ya mwenye nguo.

"Nilidhani," alisema.

Taratibu alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepokea kitu kizito mikononi na anatafuta pa kukiweka. Macho yalimlowa, akayageuzia kwenye magodoro ya ukutani.

"Hapo nimekosa mimi," alisema binti. "Hapo tu. Kwingine kote bado nina hasira na wewe."

"Hata mimi nina hasira na wewe."

"Vizuri."

Walisimama hivyo, kila mmoja na yake, mashine ikiwaka kati yao. Na hapo ndipo waliposikia hatua ngazini, hatua moja, mapumziko, hatua nyingine. Ni goti la fundi. Binti alilifahamu hata usingizini. Alikuwa amemwomba baba aje saa nne na gari la jirani wamsaidie kubeba.

Fundi aliingia akihema, akawaangalia, akaangalia gunia tupu, akatafuta spika ya kukalia.

"Baba," alisema binti yake, na aibu ya Jumamosi ikamrudia yote. "Ulikuwa mguu wangu."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Mimi ni mtu wa pedali, mwanangu. Miaka arobaini. Wengine walitazama vidole, mimi nilitazama miguu." Alikuwa akisugua goti. "Mguu wako ulishuka, sauti ikakatika. Wa mwenzako ulikuwa umetulia."

"Mbona hukuniambia jana?"

"Ulijifungia. Ukaniambia ukiwa nyuma ya mlango nilete gari. Nikasema moyoni, haya, mtu mzima huyo."

"Lakini uliondoka. Nilikuona. Uliona aibu ukaondoka."

Fundi alimwangalia kama aliyesikia lugha ya kigeni. Akasema aliinuka kwa sababu alimwona binti ameanza kuuvua mkanda wa gitaa kichwani, akajua anaondoka. Alizunguka nyuma ya ukumbi kumtafuta, na goti lile, mpaka afike mlangoni binti alikuwa amekwisha kuyoyoma. Akarudi akasimama ukutani. Wakati wote huo kijana alikuwa amewapa watu mgongo, amegeukia pale alipokuwa amesimama binti, akipiga mstari uleule.

"Mara tano," alisema fundi. "Nilidhani wimbo umekwama."

Binti Fundi aliiacha bisibisi kwenye rafu, akaketi sakafuni mbele ya pedali yake. Taratibu alifanya kama kuinama amsaidie, akajizuia, mikono ikabaki hewani.

"Nipanguse kioo?" aliuliza. "Hakionekani vizuri."

"Pangusa. Vitufe niachie."

Akapangusa kwa kona ya shati, akarudi nyuma. Binti aliirudisha mashine kwenye programu yao, kisha pedali kwenye chaneli ya pili kwa mkono wake, kitufe kimoja baada ya kingine, mpaka cha nne. Akasimama, akakikanyaga kwa ncha ya kidole gumba, bila kisigino, akavuta uzi wa kwanza. Mwangwi ukafunguka, ukaenda ukagonga magodoro, ukarudi. Chini, muuza rangi alizima redio.

Fundi alisubiri noti ife yenyewe.

"Haya," alisema. "Gari liko chini. Swali langu mnalikumbuka. Nani anaondoka nayo?"

Binti Fundi alilikunja gunia mara mbili, akalitia kwapani.

"Mashine haondoki nayo mtu, baba. Hasira ndiyo naondoka nayo mimi." Akamgeukia Taratibu, na uso ulikuwa bado haujalainika. "Mazoezi ni Alhamisi saa kumi. Usije mapema ukanipangia nyaya."

Akashuka, akishika ukuta kwa mazoea. Fundi alijiinua kwenye spika. Taratibu alinyoosha mkono kumsaidia, akakumbuka, akauliza kwanza kama amshike. Mzee akampa kiwiko.

"Cherehani yangu ya pili pedali yake inakwama," alisema walipofika mlangoni. "Njoo Jumapili, tule pamoja, uiangalie. Lakini kabla hujaifungua, uniambie."

Chini kabisa ya ngazi, akiwa amewapa mgongo ili wasimwone, Binti Fundi alisimama kuwasubiri.